Kompyuta Mpakato ya Zamani Bado Yafaa Nyumbani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta mpakato nyingi za familia haziwezi kupokea Windows 11. Mashine hizo si za kutupwa. Linux Mint, mfumo endeshi usiolipiwa, huhitaji kumbukumbu ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Mwenye kompyuta dhaifu achague eneokazi la Xfce, lililo jepesi. Cinnamon lapendeza zaidi, ila huielemea mashine kongwe. Yote mawili huweka menyu chini kushoto, kama watoto walivyozoea.

Mfumo hujaribiwa kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo wifi, sauti na printa vikaguliwe. Picha na nyaraka zinakiliwe kwingine kabla ya kusakinisha, kwani diski ikishafutwa, vilivyomo havirudi.