Nguo inakuwasha? Usinyamaze, na usivue ganti

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo tuongee juu ya ugonjwa ambao watu wengi wanauficha kwa haya: muwasho unaotoka katika nguo.

Asubuhi moja mufanyakazi wa usine aliingia katika chumba chetu cha dawa pamoja na bibi yake. Hawakuwa wanaongea. Bwana alikuwa na vipele vingi kiunoni na juu ya mapaja, karibu na sehemu za siri. Alikuwa anajikuna usiku kucha. Bibi akasema: «Muganga, huyu ameniletea ugonjwa wa inje. Kesho ninarudi kwa wazazi wangu.» Bwana aliapa kwamba hakutembea na mwanamuke mwingine.

Nilimuomba avue suruali. Vipele vilifuata mustari mumoja, kuzunguka kiuno na kuzunguka kila paja, mahali palepale lastiki ya kalsoni inapokaza. Ugonjwa wa zinaa hauchori mustari wa namna ile. Nikauliza: «Kalsoni hizi ni mupya?» Hapana, alikuwa amezivaa mwaka muzima bila shida. «Basi, ni kitu gani kimegeuka nyumbani?» Bibi akafikiri, kisha akasema pole pole: «Tangu mwezi uliopita ninazifula na javeli, zipate kuwa nyeupe.»

Hapo tulipata jibu. Javeli inaweza kugeuza dawa zilizo ndani ya mupira wa lastiki, na dawa hizo zikisha kugeuka zinaanza kusumbua ngozi ya mutu ambaye mbele hakuwa na shida. Kalsoni zile ziliachwa, tukatoa mafuta kidogo ya dawa, na kisha majuma mawili ngozi ilitulia. Bibi hakurudi kwa wazazi wake.

ALERJI NI NINI?

Mwili wako una walinzi, kama vile mulinzi anayesimama kwenye mulango wa usine. Kazi yao ni kufukuza adui. Lakini siku fulani mulinzi anakosea: anamuona mupita njia asiye na kosa, anamuandika katika kitabu cha wezi. Tangu siku hiyo, kila mara mupita njia yule anapofika, mulinzi anapiga kengele. Kengele hiyo ndiyo muwasho, uvimbe na vipele. Hiyo ndiyo alerji.

Shika maneno mawili. La kwanza: mulinzi anahitaji wakati wa kuandika jina. Kwa hiyo unaweza kuvaa kitu kimoja siku nyingi, hata miaka, bila neno, kisha kikaanza kukuwasha. Usiseme: «Si nguo hii, ninaivaa tangu zamani.» La pili: kengele haipigwi palepale. Mara nyingi vipele vinatoka siku moja mupaka siku tatu nyuma ya kuvaa. Kwa hiyo ukiwashwa siku ya tano ya juma, ukumbuke pia ulivaa nini siku ya tatu.

Vitabu vingi vinasema kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vema. Tafuta mahali palipo peusi kuliko kando yake, ao pa rangi ya majivu, pagumu, penye vipele vidogo ao malengelenge, na panapowasha.

WENYE KOSA NI NANI?

Watu wanasema: «Kitambaa hiki ni kibaya.» Lakini mara nyingi kosa si la uzi wenyewe. Kosa ni la vitu vilivyotiwa juu ya uzi ao vilivyoshonwa pamoja nao.

1. Rangi. Rangi fulani zinazotumiwa kwa poliesta na nailoni, zaidi za bluu na nyeusi, hazishikani sana na uzi. Jasho linazitoa, zinaingia katika ngozi. Nguo inayobana ni mbaya kuliko nguo pana.

2. Formoli. Mashati yale yasiyojikunja, yasiyoomba pasi, mengi yametiwa dawa yenye kutoa formoli. Joto na jasho vinazidisha shida.

3. Mupira. Lastiki ya kalsoni na ya soksi, ganti za mupira, boti za mupira: ndani yake kuna dawa za kuufanya mupira uwe na nguvu.

4. Nikeli. Ni chuma cha kifungo cha suruali, cha mukaba, cha saa na cha heleni. Kipele kimoja kinachokaa chini ya kitovu miezi na miezi, karibu kila mara kinatoka kwa kifungo cha mukaba.

5. Kromu. Inatumiwa kulainisha ngozi ya nyama inayotengenezwa viatu na ganti za kazi. Katika inchi za Ulaya, tangu mwaka 2015 sheria inakataza kuuza viatu na ganti za ngozi zenye kromu mbaya kupita kipimo.

6. Kobalti. Huyu tunamujua, kwa sababu majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba yanatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Vumbi yake ikiingia katika kola, katika mikono ya salopeti na katika soksi, inaweza kuleta alerji ya ngozi. Ikivutwa puani, inaweza pia kuleta pumu. Hapa nguo ni gari tu, mwenye kosa ni abiria.

NGOZI INAONGEA

Kabla ya kutafuta dawa, angalia mahali. Vipele kandokando ya kwapa, lakini si ndani kabisa: fikiri rangi ya shati. Vikiwa ndani ya kwapa kabisa: fikiri mafuta ya kuondoa harufu. Kiunoni kama kamba: lastiki. Chini ya kitovu: kifungo cha chuma. Juu ya nyayo na vidole vya miguu: kiatu. Nyuma ya mikono mupaka mahali ganti inapoishia: ganti yenyewe.

Lakini si kila muwasho ni alerji. Kama watu wote wa nyumba wanajikuna, zaidi usiku, na vipele viko kati ya vidole, huo ni upele unaoambukiza, na dawa yake ni nyingine. Kama kuna alama ya mviringo, yenye ukingo unaozidi kupanuka, fikiri mikozi. Kama ni jipu lenye tundu dogo katikati, na ndani kitu kinatembea, huyo ni funza wa nzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye maji zilizoanikwa inje. Kwa hiyo mama, piga pasi nguo zote pande mbili, hata nepi na kalsoni, na zaidi mahali pa mishono.

Na wewe unayefanya kazi kwenye asidi: maumivu makali yanayofika palepale si alerji, ni kuungua. Vua nguo mara moja, jimwagie maji mengi dakika 20 ao zaidi, na mutu mumoja akimbie kuita watu wa dispanseri.

USIVUE GANTI

Kijana mumoja alikuwa anawashwa sana na ganti zake za mupira. Aliogopa kusema. Alifikiri: «Shefu akijua, atanitoa katika kazi hii, nitapoteza feza ya nyongeza.» Basi akaanza kuziweka mufukoni, na kuzivaa tu shefu akipita. Mwisho wa mwezi waya wa chuma ulimupasua kiganja. Nilimushona uzi 7. Muwasho haukumupeleka hospitali. Kimya chake ndicho kilimupeleka.

Alipoanza kutufunulia mambo yote, tuliandika barua kwa mukubwa wa usalama, akapewa ganti za namna nyingine, na ndani yake anavaa ganti nyembamba za pamba. Yuko katika kazi ileile mupaka leo. Ndugu, ganti, boti na salopeti vinawekwa kati yako na hatari. Ukivivua, muwasho unapona lakini hatari inabaki. Omba vibadilishwe, usiviache. Na ninyi mashefu, mutu akisema ngozi inamuwasha, musimucheke na musimuite muvivu. Mutume kwetu.

UFANYE NINI?

Kwanza, acha nguo unayoifikiria. Osha mwili na maji baridi na sabuni kidogo isiyo na harufu, kausha pole pole bila kusugua. Weka kitambaa safi chenye maji baridi dakika 15. Kata kucha. Kisha njoo dispanseri. Tunaweza kukupa mafuta ya hidrokotizoni kwa siku chache, na kidonge cha kutuliza muwasho ulale.

Usipake javeli, wala petroli, wala maji ya batri. Usipake yale mafuta ya kugeuza rangi ya ngozi yanayouzwa sokoni. Mengi yana dawa kali sana: muwasho unatulia siku mbili, lakini kisha ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka, na mikozi inaenea bila kuonekana.

Halafu tafuta mwenye kosa. Majuma mawili, ukiwa nyumbani, vaa nguo za pamba tu, pana, nyeupe ao za rangi isiyo nzito, zilizokwisha kufuliwa mara nyingi. Ngozi ikipona, rudisha nguo moja tu, uivae siku tatu ao ine. Hakuna neno? Rudisha ya pili. Ile itakayorudisha vipele ndiyo muwizi. Lakini kama mara ya kwanza ulivimba uso ao ulikosa pumzi, usijaribu hata kidogo. Na vifaa vya kazi, usivijaribu wewe peke yako: tuvichunguze pamoja.

Kama hatukupata, kuna njia nyingine. Mwaka 1895 muganga Josef Jadassohn aliwaonyesha waganga wenzake namna ya kubandika kitu kidogo juu ya ngozi ili kuona kama ngozi itakikataa. Njia hiyo inatumika hata leo: vitu mbalimbali vinabandikwa mugongoni saa 48, kisha vinatolewa, na ngozi inaangaliwa siku ile na tena siku zinazofuata. Hiyo ni kazi ya muganga wa ngozi.

Alerji ya namna hii ikisha kuingia, mara nyingi haitoki. Dawa inatuliza, lakini ponyo lenyewe ni kuepuka kile kitu.

KWA MAMA WA NYUMBA

Fula nguo mupya mara mbili ao tatu mbele ya kuivaa, zaidi nguo za mutoto muchanga. Rangi na dawa inayozidi itatoka. Lakini ujue kwamba nikeli na mupira havitoki kwa kufula. Suuza na maji safi mara mbili, kwa sababu sabuni inayobaki nayo inakula ngozi. Usitie javeli katika nguo zenye lastiki. Salopeti ya kazi uifule peke yake, mbali na nguo za watoto, na usiikung'ute ndani ya nyumba. Kifungo cha chuma ukifunike kwa ndani na kitambaa kinene cha pamba.

HATARI

Midomo ao macho yakivimba, mutu akikosa pumzi, akizunguka kichwa ao mwili muzima ukijaa mabaka, usingoje asubuhi. Inaweza kutokea upesi, hata kwa ganti za mupira. Mukimbize hospitali palepale. Huko kuna sindano ya adrenalini. Na kama vipele vinatoa usaha ao kuna homa, njoo siku ileile.

Ndugu, salopeti ikipasuka, magazini itakupa nyingine. Ngozi yako ndiyo salopeti ya kwanza uliyozaliwa nayo, na hiyo magazini haina ya kubadilisha. Ikikuwasha, sema.