Arusi Ndogo Mjini, na Maneno Yake

Mwezi huu twataka kunena habari ya arusi, wala si arusi zote, bali ile arusi ndogo ya mjini ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam waitamani, na wazee wengi waiogopa. Vijana husema, "Twataka watu wachache, mapambo machache, na maneno yetu wenyewe." Wazee hujibu, "Je, ninyi ni watu wasio na ukoo, hata muoane kimya kimya?" Kila upande una haki yake, na nyumba nyingi zimepata uchungu kwa jambo hili kabla siku yenyewe haijafika. Basi tumeona yafaa kulitazama kwa utulivu, tuonyeshe jinsi arusi iwezavyo kuwa ndogo pasipo kupungukiwa na heshima.

Wahenga walituachia neno: Kukopa arusi, kulipa matanga. Maana yake ni kwamba fedha huja siku ya ngoma na vigelegele, lakini deni hudaiwa siku ambayo nyumba haina furaha. Mjini arusi moja imekuwa kama arusi tatu. Iko siku ya kumfunda bibi arusi, ambayo watu huiita kicheni pati. Iko siku ya kumwaga kwao, waiitayo sendofu. Kisha ndiyo arusi yenyewe. Kila siku ina ukumbi wake, mapambo yake, chakula chake, mshereheshaji wake na mpiga picha wake. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Tuseme sahani moja ya chakula ni shilingi 25,000. Wageni 300 watakula shilingi 7,500,000. Wageni 40 watakula shilingi 1,000,000. Tofauti ni shilingi 6,500,000, nasi hatujahesabu ukumbi wala nguo. Mwalimu kijana aweza kulipa kodi ya chumba kwa muda mrefu kwa fedha hizo, au kuanza kununua kiwanja.

Lakini tusiidharau michango. Wako watu wasemao kwamba kamati za arusi ni upuuzi mtupu, nao wakosa. Mchango ni njia ya zamani ya kusaidiana: leo nakubeba wewe, kesho wanibeba mimi. Mama aliyetoa miaka kumi katika arusi za watoto wa jirani aona kwamba ameweka akiba, na siku ya mwanawe yataka irudi. Kijana akimwambia, "Mama, hatutachangisha," ni kama amemwambia kwamba akiba yake imepotea. Hii ndiyo sababu ya machozi mengi. Kwa hiyo yeyote atakaye arusi ndogo aanze kwa kuifahamu hasara ya mzazi wake, wala asiseme habari ya gharama tu.

Basi twashauri hivi. Jambo la kwanza si kuchagua ukumbi, bali ni kuwaendea wazee. Kijana asitume habari kwa simu. Aende mwenyewe, akae, aamkie, aseme kusudi lake kwa kinywa chake. Tena asilete orodha ya majina iliyokwisha kufungwa. Alete hesabu tu, kisha awaombe wazee wa pande mbili wachague wenyewe watakaousimamia ukoo. Kwa mfano, katika watu 40, wazazi na wazee wapewe nafasi 16, ndugu na shangazi na wajomba nafasi 12, marafiki nafasi 8, na nafasi 4 ziwe za mchungaji, mwalimu na wasimamizi. Mzee aliyeombwa kuchagua hawezi kusema kwamba ametengwa, naye mjomba asiyechaguliwa ataulizana na ndugu zake, si na bibi arusi.

Walio mbali wasisahauliwe. Siku chache baada ya arusi maarusi na waende kwao, wawaamkie wazee wasioweza kusafiri, wanywe nao chai. Tena wale wasiochangisha wasiache kuwachangia wenzao. Kijana akatae kupokea mchango akipenda, lakini akikataa na kutoa, hapo amejitenga kweli, na wazee walisema haki.

Yako mambo ambayo hayapunguzwi hata arusi ikiwa ndogo namna gani. Katika Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka maarusi watoe taarifa ya kusudi lao siku 21 kabla ya ndoa, na ndoa ishuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili. Kanisani nako kuna matangazo yake na mafundisho yake. Wako vijana wadhanio kwamba arusi ya watu wachache ni arusi ya haraka, sivyo. Wagombane na mapambo wakitaka, lakini wasiguse matangazo wala mahari wala mafunzo ya bibi arusi. Kumfunda kwahitaji shangazi wawili wenye busara na mkeka, si ukumbi.

Sasa tuje kwa siku yenyewe. Twapenda arusi ya asubuhi, ianze saa tatu, chakula kiwe saa sita, na alasiri watu warudi makwao kabla ya msongamano wa magari. Mahali pazuri hapahitaji kuvikwa sana. Pale Dar es Salaam liko kanisa la Azania Front la Walutheri, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote mawili yamejengwa zamani za Wajerumani, nayo yaelekea bandari. Aliyeingia humo ameona jinsi kuta, madirisha na mnara vilivyofanya kazi yake tayari. Maua ya plastiki huko yaficha uzuri. Hata kanisa dogo la mtaani lililofagiliwa vema lina utulivu wake. Yatosha kitambaa cheupe, asumini na mawaridi machache, na rangi moja tu iliyochaguliwa. Chakula kiwe kimoja kilichopikwa vizuri: pilau na kachumbari, matunda, na chai. Mgeni mmoja aliyeshiba chakula kizuri ni bora kuliko watatu waliosimama mstarini wakiangalia sufuria.

Hapa ndipo penye neno letu kubwa. Mtu akiyaondoa mapambo na wingi wa watu, pabaki nini? Pabaki maneno. Katika arusi kubwa maneno hufunikwa na vipaza sauti, na mshereheshaji husema yale yale aliyoyasema Jumamosi iliyopita katika arusi nyingine. Katika arusi ya watu 40 kila neno husikiwa. Kwa hiyo maarusi na wayachague maneno yao kwa uangalifu ule ule ambao wengine huchagulia kitambaa cha gauni. Wala Mswahili asidhani kwamba hili ni jambo la kigeni. Pwani yetu imetoa maneno kama zawadi kwa watoto tangu zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha juu ya maisha ya mke, na utenzi huo wasomwa mpaka leo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliwatungia watoto wake Utenzi wa Adili na Utenzi wa Hati, mmoja kwa mwana na mmoja kwa binti. Si lazima kukubali kila shauri la watu wa kale, maana nyakati zimegeuka. Lakini tazama walichokithamini: vyombo huvunjika, maneno hudumu.

Njia za kuyatia maneno katika arusi ni nyingi, nazo ni za gharama ndogo.

Kadi ya mwaliko na iwe karatasi nyeupe, yenye majina, mahali, saa, na methali moja tu. Methali hiyo ichaguliwe na babu au bibi wa kila upande. Wakitofautiana, mazungumzo yao yenyewe ni baraka.

Mashangazi na wamletee bibi arusi doti ya kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa. Jina hilo ni barua. Kwa hiyo lisomwe kabla ya kununuliwa, maana kanga nyingine zimeandikwa mafumbo ya kumchoma jirani, na siku ya arusi si siku ya kuchomana.

Meza zisiitwe kwa namba. Ziitwe kwa majina ya vitabu ambavyo maarusi wamevisoma na kuvipenda, na kila kitabu kiwekwe mezani pake. Wageni wasiojuana watakuwa na neno la kuanzia. Kisha vitabu hivyo viende nyumbani, viwe mwanzo wa rafu ya nyumba mpya.

Yafaa pia mmoja wa jamaa asome jambo lililo la maarusi wenyewe. Barua walizoandikiana wakati wa uchumba zaweza kusomwa sehemu ndogo, wakikubaliana wote wawili, na kama hazina siri. Wakichagua somo la Biblia, walielewe kwanza. Kwa mfano, maneno ya Ruthu ambayo wengi hupenda kuyasoma arusini hayakusemwa na mke kwa mumewe, bali na mjane kwa mama mkwe wake. Kwetu sisi hili halipunguzi uzuri wake, laongeza. Bibi arusi akimsomea mama mkwe maneno hayo, huku akimtazama, mama huyo hatauliza tena kwa nini wageni ni wachache.

Tena na wajaribu kutunga. Walimu wajua kwamba ubeti wa utenzi ni mistari minne, kila mstari mizani minane, mitatu ya kwanza yaishia kwa sauti moja, na wa nne hubeba sauti inayorudi mpaka mwisho. Hivi hata asiye malenga aweza kuanza, kwa mfano:

Karibuni ndugu zetu,
Sikieni neno letu,
Hii ndiyo siku yetu,
Mtuombee daima.

Beti tano au sita za namna hiyo, zenye majina ya wazee na ya mahali maarusi walipokutana, zawatosha. Zikiwa na kasoro kidogo si neno. Za mtu mwenyewe hupendeza kuliko zilizonunuliwa.

Mwisho pawe na daftari lenye jalada gumu. Wageni wasiandike majina tu, bali kila mmoja aandike shauri moja au methali moja ya ndoa. Asiyejua kuandika aseme, na mtoto wa shule amwandikie. Maarusi waendapo kuwaamkia wazee walio mbali na walichukue, ili nao waongeze yao. Hivi hata bibi aliye kitandani atakuwa amehudhuria. Siku nyumba itakapopata taabu, na kila nyumba huipata, mume na mke watalifungua, na waliowashuhudia watasema nao tena. Mapambo ya ukumbi hayawezi kufanya hivyo, maana usiku ule ule huvuliwa na kupelekwa kwenye arusi nyingine.

Labda mzazi mmoja atasema, "Hayo ni mazuri, lakini watu watasema nini?" Twamjibu kwa upole. Watu watasema siku tatu, na deni lasema miaka mitatu. Mzazi na akumbuke arusi ya Kana ya Galilaya: Injili haikutuambia jina la bwana arusi, wala la bibi arusi, wala hesabu ya wageni. Yatuambia kwamba divai ilitindika, na kwamba alikuwako mtu aliyeiona aibu ya nyumba ile mapema, akaisema kwa siri, wenyeji wasifedheheke. Arusi yoyote, kubwa au ndogo, yahitaji mtu wa namna hiyo kuliko mshereheshaji.

Nanyi vijana, msiufanye udogo wa arusi kuwa fahari mpya. Wako wanaopunguza wageni ili wanunue viti vya bei kubwa na keki ya ajabu, kisha wakaita hayo kiasi. Hicho si kiasi. Ni anasa iliyofunga mlango. Kiasi cha kweli chajulikana siku ya pili: kama hakuna mdai mlangoni, kama shangazi hajanuna, na kama mume na mke wakumbuka maneno waliyoambiana.

Basi ninyi walimu, mnaoombwa shauri kila mwaka na vijana waliopita mikononi mwenu, waonyesheni njia hii. Waambieni waende kwa wazee kwanza, wahesabu fedha yao kabla ya kuhesabu wageni, na wakae jioni mbili au tatu na kalamu. Nasi twawatakia maarusi wote wa mwaka huu nyumba zenye amani.