Samaki Aviziaye Mchangani

Wewe ukaaye pwani, karibu na hori au mlango wa mto, bila shaka umemwona samaki huyu: kichwa kipana na bapa kana kwamba kimekanyagwa, macho juu, kinywa kikubwa, na mkia wenye mistari myeusi na doa la manjano. Wengine humdharau kwa sura yake, lakini nyama yake ni nyeupe na tamu.

Huyu hazunguki kutafuta chakula. Hujilaza chini, akajifunika mchanga mpaka macho tu yaonekane, akangoja. Kamba au samaki mdogo akipita karibu, humrukia ghafla akammeza. Basi amtakaye na amtafute pale chakula kipitapo.

SAA NA MAHALI

Maji yakipwa, kamba na samaki wadogo hawana budi kutoka katika mikoko, wakafuata vijito vidogo viendavyo penye kina. Hapo kijito kimwagapo maji yake ndipo mviziaji alalapo. Kwa hiyo saa njema ni mwisho wa kupwa na mwanzo wa kujaa.

Funga chubwi dogo, tia kamba katika ndoana, tupa, uache chambo kifike chini kabisa. Kisha vuta polepole, pumzika kidogo, vuta tena, chambo kikigusa mchanga. Ukitupa mara kadhaa bila kupata kitu, sogea hatua chache. Yeye hatakufuata, wewe ndiwe umfuate.

Ukimpata, usimshike kichwani, maana kando ya mashavu ana miiba mikali. Mfunike kwanza kwa kitambaa kizito.

Huko Australia yuko ndugu yake apendwaye sana na wavuvi, na wakubwa kabisa katika jamii hiyo ni majike wenye mayai mengi. Ndiyo sababu sheria ya jimbo la Queensland yaagiza kwamba mwenye urefu uzidio sentimita 75 arudishwe majini. Anayemla mama leo, kesho atavua nini?

MZAZI, ANGALIA MGUU WA MTOTO

Mchanga umfichao huyu huwaficha na wengine. Yuko taa mwenye mwiba mkiani. Yuko pia samaki aliye kama jiwe lenye ukungu, ambaye mgongoni ana miiba 13 yenye sumu kali. Taa huondoka akishtushwa. Kwa hiyo buruta miguu, usiinue na kukanyaga. Lakini yule wa jiwe haondoki. Usimruhusu mtoto kuingia majini peku. Avae viatu vya soli ngumu, wala asikanyage mawe ovyo.

Mtu akichomwa, mtoeni majini upesi. Tumbukizeni mguu katika maji ya moto yasiyounguza, muda wa nusu saa hata saa moja na nusu, mkiongeza mengine yakipoa. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa mwenye maumivu hatambui akiungua. Joto hilo hupunguza uchungu. Msichanje jeraha, wala msifunge mguu kwa kamba. Na wakati huo huo tafuteni njia ya kumfikisha hospitali, hata kama uchungu umepungua, maana sumu yaweza kudhuru mwili, na kipande cha mwiba chaweza kubaki ndani.