Meza ya baharini huwekwa ukiwa nchi kavu

Usiku wa kwanza wa safari yetu, meli ikiwa imekwisha kuiacha bandari ya Dubai, mama yetu aliketi mezani, akaitazama sahani yake ya mkate, mayai ya kuchemsha na vipande vya tikiti, kisha akauliza: "Na wenzenu wako wapi?"

Wenzetu, yaani ndugu yetu aishiye Maskati, mkewe na watoto wao watatu, walikuwa humohumo melini, sitaha mbili juu yetu, wakisubiri zamu yao ya kula, saa 2 na nusu usiku. Sisi tuliotoka Dar es Salaam, pamoja na mama, tulikuwa tumepangiwa saa 12 jioni. Familia ilikuwa imechangishana kwa zaidi ya mwaka mzima ili bibi na wajukuu wake wote wapate kukaa kwenye meza moja. Safari yenyewe ikaanza kwa kutugawa mafungu mawili.

Hatuna wa kumlaumu zaidi ya nafsi zetu. Tuliichukulia meli ya kitalii kama nyumba ya wageni: unafika, unaweka mizigo, unauliza chakula kiko wapi. Kumbe meli hizi ni miji inayoelea. Iliyo kubwa kuliko zote wakati ilipoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, Icon of the Seas, yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Ile yetu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini hata hivyo hakuna ukumbi wa chakula uwezao kukalisha umma wa namna hiyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo watu hugawanywa kwa zamu, na mgawanyo huo hufanyika wiki nyingi kabla ya safari, wakati msafiri angali nyumbani akitafuta masanduku ya kuazima.

Zamu za chakula cha usiku katika ukumbi mkuu, ambacho gharama yake imo ndani ya nauli, aghalabu ni mbili: ya mapema, karibu saa 12 jioni, na ya baadaye, karibu saa 2 na nusu usiku. Sisi tulilipia nafasi zetu mwanzo, tukapata ya mapema. Ndugu yetu alilipia wiki tatu baadaye kwa wakala mwingine, akakuta zamu ya mapema imejaa. Kila malipo yana namba yake, na kompyuta ya kampuni haijui kwamba namba hii na ile ni watoto wa tumbo moja. Kumbe lilikuwapo jambo rahisi la kufanya: kumwomba wakala aziunganishe namba hizo mbili, na kuandika wazi kwamba tunataka zamu moja na meza moja. Hatukuomba, na hakuna aliyetuuliza.

Zipo kampuni zinazoruhusu abiria kufika mezani saa yoyote ukumbi unapokuwa wazi. Utaratibu huo huonekana kuwa ni faraja kwa mtu anayefuata nyakati za sala, na kwa mume na mke wawili kweli ni faraja. Kwa familia ya watu kumi na mmoja ni kusimama mlangoni kungojea meza kubwa iwe tupu, isipokuwa nayo umeiwekea nafasi mapema.

Tuje kwenye sahani ya mama. Wakala wetu alitutuliza kwa maneno ambayo tuliyapenda kuyasikia: meli inaondoka Dubai, basi chakula chake kitakuwa halali. Tukaridhika. Lakini meli kuanzia safari yake katika nchi ya Waislamu hakulifanyi jiko lake kuwa la Kiislamu. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama au Malta, na vyakula vyake hununuliwa kwa mikataba mikubwa. Katika ukumbi wa kujipakulia, asubuhi ya kwanza, tuliikuta nyama ya nguruwe hatua chache kutoka kwenye mayai.

Nyama iliyochinjwa kwa sharia huombwa mapema, kwa maandishi, wiki kadhaa kabla ya safari, na kila kampuni ina muda wake wa mwisho wa kupokea maombi hayo. Halafu ombi lisubiriwe jibu. Ombi lisilojibiwa lihesabiwe kuwa halikufika. Tena iulizwe: chakula hicho kitatolewa ukumbi gani? Mara nyingi hupatikana katika ukumbi mkuu peke yake, si katika migahawa ya ziada inayotozwa fedha mbali na nauli. Ndugu msomaji, usije ukalipia mgahawa wa nyama za kuchoma kwa usiku wa kusherehekea harusi yenu, kisha mkaishia kula viazi.

Hata nyama ikiwa halali, maswali hayajaisha. Mchuzi mwingi wa Kizungu hutiwa mvinyo. Vitamutamu vinavyotikisika vina jelatini, na baadhi ya keki zimelowekwa pombe. Viazi vya watoto vyaweza kukaangwa katika mafuta yaleyale yaliyokaanga vitu vingine. Maswali haya hayamchukizi mtu anayeyazoea, na wapishi wa melini wanayazoea, kwa sababu kila safari wana wagonjwa, wala-mboga na Wayahudi wanaouliza ya kwao.

Siku ya pili tulifanya lile tulilotakiwa kulifanya saa moja baada ya kupanda: tulikwenda kumwona mkuu wa ukumbi wa chakula. Alitusikiliza kwa adabu, akaandika, akaondoka. Usiku ule mama akala tena mkate na mayai. Siku ya tatu wakagundua kwamba ghalani mlikuwa na kuku wa halali waliogandishwa, wenye nembo. Tangu hapo kila usiku mhudumu alituletea orodha ya chakula cha kesho, tukachagua, jiko likajitayarisha. Jambo dogo kabisa, nasi tulilinunua kwa siku mbili za njaa ya mama mwenye kisukari. Kwa mtu wa hali yake, saa ya kula si jambo la kupenda au kutopenda. Ndiyo maana hata kumhamishia zamu ya ndugu yetu, ya saa 2 na nusu, kulikuwa hakufai.

Hapa ndipo tulipoanza kuzipiga hesabu nyakati za sala, hesabu ambayo tungeweza kuifanya kwa utulivu sebuleni kwetu. Katikati ya Desemba jua la Dubai huzama kama saa 11 na nusu jioni, na Isha huingia muda mfupi kabla ya saa 1 usiku. Kwa zamu ya saa 12, familia ina nusu saa ya kutawadha, kuswali Magharibi chumbani kwa jamaa na kushuka mezani. Kwa zamu ya saa 2 na nusu, sala zote mbili zimekwisha kuswaliwa bila haraka, lakini watoto husinzia juu ya sahani. Kwa sala pekee tungeichagua ya pili. Kwa mama na wadogo, ya kwanza.

Lakini asije mtu akaichukua hesabu hii ya Ghuba akaenda nayo Ulaya. Barcelona, mwishoni mwa Juni, jua huzama karibu saa 3 na nusu usiku. Huko zamu ya pili, inayoanza saa 2 na nusu, inaimeza Magharibi katikati ya mlo, ilhali zamu ya mapema inaisha zamani na jua lingali juu. Juneau, katika Alaska, msimu huohuo, jua hungoja mpaka saa 4 usiku. Na kaskazini kabisa mwa Norway halizami hata kidogo katikati ya kiangazi. Anayetaka kwenda huko na awaulize wanazuoni kabla hajalipa nauli. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani yetu, msafiri anayo ruhusa, kwa masharti yake, ya kupunguza sala na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Ni rehema kubwa. Hata hivyo tuliona haya kuifanya ruhusa ya safari kuwa ruhusa ya kungojea keki.

Kibla nacho hugeuka, kwani chumba chenyewe kinageuka. Tulikuwa na dira ya mfukoni, na runinga ya chumbani ilikuwa na idhaa ya ramani inayoonyesha meli inaelekea wapi. Wajukuu ndio waliokuwa wakimtajia bibi yao mwelekeo, na kazi hiyo waliipenda kuliko bwawa la kuogelea.

Ama maonyesho, jambo ambalo hatukulijua ni kwamba mwenye kuchagua meza ameshachagua na kiti cha ukumbi wa maonyesho. Katika meli nyingi onyesho moja hufanywa mara mbili kila usiku, ili liendane na zamu mbili za chakula: waliokula mapema hulitazama baada ya kula, na wa zamu ya pili hulitazama kwanza. Kwa hiyo familia iliyogawanyika mezani hugawanyika ukumbini pia. Katika meli kubwa zaidi, zenye viwanja vya kuteleza juu ya barafu na madimbwi ya wapiga mbizi, viti huwekewa nafasi kabla ya safari, mara nyingi bila malipo ya ziada, na vya saa nzuri huisha mwanzo.

Si kila onyesho linafaa kwa familia yetu, na ni afadhali kusema hivyo kuliko kujitia upofu. Mazingaombwe na michezo ya sarakasi tuliwaruhusu watoto. Mchekeshaji wa usiku wa manane tulimwacha, kwani ratiba yenyewe ilisema ni wa watu wazima. Katika michezo ya dansi mavazi ndiyo yaliyotuamulia. Kabla ya kuweka nafasi tuliangalia pia njia: katika meli yetu njia fupi ya kwenda ukumbini ilipita katikati ya mashine za kamari, nasi tukazunguka kwa ngazi za upande wa pili. Kwa sababu hiyohiyo ya staha, ombeni meza yenu wenyewe badala ya kuchanganywa na wageni. Si kwa kiburi. Ni kwamba majirani wa meza wakiagiza mvinyo, nanyi hamna pa kuhamia.

Onyesho tulilolingojea zaidi lilitupita Doha. Doha ina saa sawa na Dar es Salaam, na iko nyuma ya Dubai kwa saa moja. Tulipotia nanga, simu zetu zikajibadilisha zenyewe zikafuata saa ya Doha, lakini meli ilibaki na saa ya Dubai. Tukafika mlangoni mwa ukumbi tukijiona watu wa mapema sana, tukawakuta watu wanatoka. Tangu siku ile baba mmoja kati yetu alivaa saa ya mkono ya mishale, iliyofuata saa ya meli, na simu zikaachiwa picha. Tuliandika pia nyakati za sala za kila bandari kwenye karatasi moja, zote zikiwa zimegeuzwa kuwa saa ya meli, tukaibandika nyuma ya mlango. Magharibi ya Doha, kwa mfano, ilikuwa saa 12 kasoro robo, hivyo tulikuwa na robo saa tu kabla ya zamu yetu.

Juu ya gharama tutasema machache. Migahawa ya ziada mara nyingi huwa nafuu kidogo ikilipiwa kabla ya safari, lakini asiyetokea bila kutoa taarifa mapema hutozwa. Bakshishi ya wahudumu nayo huongezwa kwenye hesabu kila siku na kwa kila kichwa, mtoto na mzee. Iwekwe ndani ya mchango wa familia tangu mwanzo, isije ikawa ugomvi wa siku ya mwisho.

Kuna wanaouliza kama hakuna meli isiyo na mashaka haya. Tangu Desemba 2024 ipo kampuni ya Saudi Arabia, AROYA, iliyoanza safari zake kutoka Jeddah, ambayo haiuzi pombe. Meli yake ilijengwa Ujerumani, na kwa jina lake la awali ilikuwa ikihudumia Asia ya Mashariki. Hilo linaondoa maswali mengi. Swali la nani akae na nani, na saa ngapi, litabaki kwa familia yenyewe.

Usiku wa nne mkuu wa ukumbi alitupata wakati tukitoka chumbani. Familia moja ya zamu ya mapema ilikuwa imehamia zamu ya pili kwa hiari, na meza yao ya watu kumi na wawili ilikuwa wazi. Ndugu yetu na wanawe wakaja. Kiti cha kumi na mbili akawekewa mkoba wake mama. Alimkatia kuku mjukuu wake mdogo wa Maskati, ambaye siku tatu hizo alikuwa akimwona bwawani tu, akamlisha kwa mkono wake, mtoto naye akikataa njegere.

Mhudumu akaja na orodha ya kesho, akaiweka mbele ya mama kwa kuwa alikwisha kujua nani mkubwa. Mama akaifunika kwa kiganja.

"Niambieni kwanza," akasema, "Magharibi ya kesho ni saa ngapi?"