Snuka Baada ya Miaka Hamsini
Wazee wenzangu mlio ughaibuni, snuka si mchezo wa vijana peke yao. Mwaka 2025 Mark Williams alicheza fainali ya dunia akiwa na miaka 50, ingawa Zhao Xintong wa China alimshinda 18-12.

Mimi nina 58. Hapa Guangzhou, nikishafunga mizigo, hucheza na mwanangu. Ndiyo saa yetu ya kuzungumza Kiswahili. Kwanza nafanya zoezi moja, dakika 20: mpira mweupe nauweka penye alama ya kahawia, naupiga upite alama za bluu, pinki na nyeusi, ugonge ukingo, urudi kwenye ncha ya fimbo. Ukirudi kando, sikuupiga katikati.

Macho yamepungua, lakini mkono bado unajifunza. Kijana sasa hanionei huruma.