Vitabu vya picha madrasa: Je, tunawafunza watoto uongo?

Kamati ya msikiti wetu hapa Lupiro imewahi kujadili paa, kisima na mipaka ya kiwanja, lakini hakuna kikao kilichorefuka kama kile cha sanduku la vitabu. Muumini mmoja alituletea vitabu vya hadithi vyenye picha kwa ajili ya darasa la watoto wadogo. Mzee wetu mmoja akafungua kimoja, akamwona sungura akizungumza na kiboko, akakifunga. "Wanangu," alisema, "mtoto huletwa hapa afunzwe ukweli. Nani amewahi kumsikia kiboko akisema?"

Hoja ile haikustahili kupuuzwa. Uongo ni haramu, na suala la picha za viumbe wenye roho lina ikhtilafu inayojulikana baina ya wanazuoni. Kwa hiyo tulirejea kwanza kwenye elimu.

Imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaona wanasesere wa Bi Aisha (R.A.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Alipouliza iweje farasi awe na mbawa, Bi Aisha alimjibu kwa swali: kwani hakusikia kuwa Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hakumkemea wala hakumwita mwongo. Wanazuoni wengi wameitegemea hadithi hii katika kuruhusu vitu vya kuchezea watoto.

Wala sisi si wa kwanza kulifikiria jambo hili. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa pwani ya Kenya walihuzunishwa na watoto wao kuachwa nyuma katika shule za msingi. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, mwalimu Bi Swafiya Said wa Mombasa akaanza kuunganisha mafunzo ya dini na malezi ya awali: Qurani, michezo, hadithi, na vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya mazingira yao. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda.

Faida yake tumeiona kwa macho yetu. Ustadha wetu hasomi kitabu kwa haraka. Huonyesha picha, akauliza, "Mnaona nini?" Kabla ya kufunua ukurasa huuliza tena, "Mnadhani kitatokea nini?" Mtoto aliyeshinda msimu mzima na wazazi wake shambani, akifukuza ndege kwenye mpunga, huwa na mengi ya kusema ila hajapata wa kumuuliza. Picha humfungua kinywa.

Hata hivyo tuliweka masharti. Vitabu hukaa darasani, havipelekwi mahali pa kuswalia. Kila kitabu hukaguliwa kwanza. Na ustadha hutenganisha waziwazi kisa cha kutunga na kisa cha kweli: maneno ya sisimizi na hud-hud katika Suratun Naml ni habari ya kweli kutoka kwa Mola, ilhali sungura wa kitabuni ni mfano tu. Watoto hulielewa hilo upesi kuliko tulivyotarajia.

Ukaguzi tulimkabidhi mzee yule yule. Siku ya kwanza aliketi mkekani pamoja nao. Mtoto mmoja akamsogezea kitabu: "Babu, huyu kiboko anasema nini?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Anasema: usiku mimi hutoka mtoni kula majani, basi msinikaribie." Darasa zima likarudia maneno hayo.

Ndugu mzazi, hata usipokuwa na kitabu, una mkaa, una kipande cha boksi, una ulimi. Mchoree mwanao, muulize anaona nini, kisha umsikilize. Tunamwomba Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.