Dola za kidijitali: Mjue anayeshika fedha kabla ya kuvuka

Mfanyabiashara wa mahindi anayetoka Sirari, wilayani Tarime, kwenda Isebania nchini Kenya, anaelewa vizuri kwamba fedha yake haivuki mpaka pamoja naye. Mbadilishaji huchukua shilingi za Tanzania na kumpa za Kenya; zile za kwanza hubaki kwa mbadilishaji. Hatari ya biashara hiyo iko kwenye swali moja: nani ameshika fedha katikati?

Swali hilo ndilo la kuulizwa pia kuhusu sarafu thabiti, yaani fedha za kidijitali zilizoundwa ili kila moja iwe na thamani ya dola 1 ya Marekani. Zinazojulikana zaidi ni USDT ya kampuni ya Tether na USDC ya kampuni ya Circle.

Sarafu hizo huandikwa kwenye blokicheni, ambayo ni daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Madaftari yako mengi: Ethereum, Tron, Solana, Avalanche na mengineyo. Tatizo ni kwamba daftari moja halisomi jingine. USDC iliyoko Ethereum haiwezi kulipa deni Avalanche, kama vile noti ya Kenya isivyopokewa kwa ushuru wa soko mjini Mugumu, wilayani Serengeti.

Njia mbili za kuvuka

Njia ya zamani ni ya ghala. Sarafu hufungiwa upande mmoja, na mteja hupewa stakabadhi upande wa pili. Ghala likivunjwa, stakabadhi haina kitu. Machi 2022 wezi walipata funguo 5 kati ya 9 za kuidhinisha malipo ya daraja la Ronin, wakachota mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600. Wizi huo uligunduliwa baada ya siku 6. Agosti mwaka huo huo daraja la Nomad nalo lilipoteza takriban dola milioni 190.

Njia ya pili ilianzishwa na Circle Aprili 2023 kwa ajili ya USDC. Hapa hakuna ghala. Sarafu hufutwa kwenye daftari la kwanza, Circle inatia saini kuthibitisha, kisha kiasi hicho huandikwa upya kwenye daftari la pili. USDT haimo katika mpango huo.

Hata hivyo, anayeaminiwa bado yupo, naye ni Circle yenyewe. Machi 2023, ilipojulikana kuwa dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa Silicon Valley Bank iliyofilisika, USDC ilishuka chini ya senti 90 kabla ya kurudi kwenye bei yake.

Kazi ya skripti

Tuchukue mfano wa kijana wa mjini Tarime mwenye USDC 500 kwenye Ethereum, anayetaka kuzipeleka Avalanche. Badala ya kulipa wakala, anaweza kutumia skripti, yaani maagizo mafupi yanayoendeshwa na kompyuta yake. Hatua ni nne: kuruhusu kiasi kitumike, kufuta sarafu, kusubiri saini ya Circle, na kuiwasilisha saini hiyo upande wa pili. Kwa njia ya kawaida, kusubiri kutoka Ethereum huchukua robo saa hivi.

Gharama ya wakala inapungua, lakini kosa linakuwa la mwenye mali. Kwanza, ada ya kila daftari hulipwa kwa sarafu yake: asiye na AVAX kidogo kwenye pochi yake atafuta dola zake Ethereum kisha akwame Avalanche. Pili, umeme au mtandao ukikatika katikati, fedha hazijapotea, mradi ameitunza namba ya muamala ili aichukue saini baadaye. Tatu, anwani ya mpokeaji huandikwa wakati wa kufuta. Ikikosewa, hakuna ofisi ya kurudisha. Nne, skripti ya kuokota inayoomba ufunguo wa siri inaweza kuikomba pochi yote.

Sheria inasemaje

Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za aina hii si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya mali za kidijitali yanayopitia kwa waendesha majukwaa. Kwa dola 500, hiyo ni dola 15. Lakini kutozwa kodi si sawa na kupewa kinga: anayedhulumiwa asitegemee kulipwa fidia kama mwenye akiba benki.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu ni nyepesi. Malipo ya Sirari na Isebania yana njia nyingine: tangu 2015 Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya zimeunganisha M-Pesa zao, na ada yake inajulikana mapema. Skripti inamfaa yule ambaye tayari analipwa kwa USDC kutoka ng'ambo na anayeweza kuisoma mstari kwa mstari. Naye aanze na dola 5, aione imefika, ndipo apeleke 495 zilizobaki.